Miwani Niliyotembea Nayo Visiwani

Nilikuwa nimechoka, na sisemi kuchoka kwa mwili. Huko nilishakuzoea: miaka minane nikiosha na kutengeneza boti za matajiri pale Dubai Marina, "yalla, yalla" tangu asubuhi mpaka magharibi. Kilichonichosha ni likizo. Ndiyo, likizo! Mtu wa Dubai akirudi Mombasa hapumziki. Huyu ataka simu, yule kanuna kwa kuwa chupa yake ya marashi ni ndogo kuliko ya jirani. Mke sina, wazazi wangu wametangulia. Nikasema mwaka huu siendi, wallahi.

Mwalimu mmoja mstaafu, Mzungu niliyezoea kumtengenezea boti, alikuwa na chombo kidogo cha tanga huko Karibiani, na magoti yake hayakumruhusu tena. Akaniambia nikitoe Saint Vincent nikishushe Grenada kabla ya msimu wa vimbunga, polepole nipendavyo, mradi nikikwangue ukoga chini nikifika. Kodi hakutaka. Tanga nilikuwa nimejifunza siku za Ijumaa, nikiwasaidia wenye boti kwenye mashindano yao. Pesa ya tiketi ya likizo nilikuwa nayo, nikaongeza akiba yangu yote.

Chumbani tulikuwa sita. Ningewaambiaje kwamba mimi, msugua boti mwaka mzima, naenda kupumzika juu ya boti, peke yangu, mwisho wa dunia? Wangenicheka mpaka nihame. Nikasema naenda nyumbani.

Kwetu chumbani anayesafiri huliacha begi lake wazi kitandani, wenzake watie vifurushi vya kwao. Wengine walikuwa wameshatuma na mtu wiki iliyotangulia. Akaja mmoja tu, mpishi wa hoteli aliyelala kitanda cha chini yangu, na kijiboksi kilichofungwa kwa utepe wa gundi.

"Miwani ya mama," akasema. "Ramadhani hiyo yaja, ataka kukhitimu msahafu na herufi hazioni. Mpe mkononi, sheikh wangu."

Nafasi ya kusema kweli ilikuwa pale pale. Nikasema, "Inshallah."

Kwenye uwanja wa ndege niliwaona wanawake wa kwetu kwenye foleni ya kwenda nyumbani, na maboksi yao yaliyofungwa kamba. Yeyote kati yao angeichukua. Lakini ningejieleza vipi? Nikapita, kijiboksi kimo begini.

Watu hudhani kusafiri kwa tanga peke yako ni raha. Aka! Ni kazi ya watu watatu unayoifanya ukiwa na usingizi. Nilikula wali na dagaa wa kopo, maji nilibeba kwa madumu, na sikuwahi kufunga gatini kwa kulipia. Nilitia nanga mbali, bure. Kuswali nako kulikuwa mtihani, maana boti hugeuka kwenye nanga, na kibla nilichoanza nacho sicho nilichomalizia. Hata hivyo hakuna aliyeniomba kitu kwa siku nne nzima, na siku ya nne nililia kwa utulivu huo.

Siku ya tano, alasiri, nikikaribia mwamba wa matumbawe, mvua ikafunika kisiwa chote. Ramani ilikuwa ya karatasi, na namba za kina zilikuwa ndogo kama mchele wa chenga. Macho yangu ya miaka arubaini na sita yakakataa. Niliinyoosha mbali, nikaileta karibu, wapi! Nikachana gundi ya kijiboksi kwa meno, nikavaa miwani ya mama wa watu. Namba zikatulia. Nikapita salama.

Tangu hapo sikuivua. Siku moja kamba ikaipiga, ikaacha mkwaruzo kwenye kioo cha kulia.

Nilirudi Dubai Ramadhani imebaki siku nne kwisha. Mpishi alikuwa akitayarisha futari, akaniinulia macho. Alikuwa ameshampigia simu mama yake, akajua sikufika. Nikampa miwani bila boksi, nikamweleza yote, nikijikwaa. Akaifuta chumvi kwa pindo la kanzu, akautazama mkwaruzo.

"Kila alasiri mama aliacha mlango wazi," akasema. "Kila jioni aniuliza, huyo mgeni wako apenda kula nini, nimwekee?"

Adhana ikatoka, naye akanisogezea tende, ya kwanza, kabla yake mwenyewe. Heri angenizaba kofi.

Baada ya miaka miwili likizo yangu ikafika tena, na safari hii nilikwenda Mombasa kweli. Niliwaonyesha wote tiketi. Nikaliweka begi wazi kitandani tangu Jumatano. Alhamisi watu waliingia na kutoka, wakanitakia safari njema, na mpishi akanikumbatia. Ijumaa asubuhi teksi ikapiga honi chini. Nguo zangu zilikuwa zimejaza nusu tu ya begi, nusu ya vifurushi vyao imebaki tupu; nikafunga zipu.