Difu ya Mbio

Harufu ya oili ya difu haitoki kirahisi kwenye nguo. Mama aliifua suruali ya baba mpaka akakata tamaa, na nyumba yetu ya Mkuyuni ikanuka vile kuanzia sebuleni hadi jikoni. Ilikuwa miaka ile injini za mitumba kutoka Japani zilipoanza kumiminika Mwanza. Injini ya pikapu ya baba ilikuwa imekufa, naye akapata nyingine iliyotolewa kwenye gari dogo, safi mpaka nikaionea huruma kuingizwa kwenye lile gari letu kuukuu.

Difu, zile gia za nyuma zinazozungusha magurudumu, nayo ilikuwa imekwisha meno. Fundi Masalu wa Mirongo, rafiki yake baba, alilaza mbili chini, akazungusha shafti ya kila moja kwa mkono huku akitazama alama ya chaki. Ile ambayo shafti huzunguka sana ndipo gurudumu lizunguke mara moja, alisema, ni ya mzigo. Nyingine ni ya mbio. "Injini yako ni ndogo, Baba Neema. Chukua ya mzigo." Baba akachukua ya mbio. Alikuwa amechoka kupitwa na vigari vya watu barabara ya Magu, na ubishi wake ulijulikana hadi sokoni.

Kwenye tambarare pikapu iliruka kweli, na baba akawa anapiga miluzi. Kisha tukaenda kumchukua bibi, mama yake, kijijini ng'ambo ya Magu. Mtoto wa jicho alikuwa amemwachia mwanga na kivuli tu, na madaktari wa macho waliokuja Mwanza walikuwa wanamaliza kazi siku ile ile. Tukichelewa, basi tena. Tuliondoka kijijini alfajiri, bibi akiwa kati yangu na baba, mama nyuma na jiwe la kuzuia gurudumu.

Kilima cha kwanza kikatushinda. Gari lilitetemeka, likazimika, likaanza kurudi nyuma lenyewe. Baba akakanyaga breki, mama akaruka na kuliwekea jiwe. Tukajaribu tena. Klachi ikanuka kuungua. Barabara ilikuwa tupu, jua lilikuwa limeshapanda, nami nilitaka kulia lakini niliogopa uso wa baba.

Ndipo akaliacha gari liserereke taratibu hadi chini, akaligeuza. Sikuelewa mpaka aliponiambia baadaye kwamba rivasi ndiyo gia yenye nguvu kuliko zote. Tukaanza kupanda kinyumenyume, baba shingo ameipinda, mama akitembea kando na jiwe lake.

Jua la asubuhi, lililokuwa mgongoni tangu tuondoke, sasa likampiga bibi usoni. Akanishika mkono kwa nguvu.

"Mnanirudisha nyumbani," alisema.

"Hapana, mama," baba akajibu bila kugeuka. "Tunapanda."

Hakumwamini. Machozi yalimtoka kimya kimya mpaka gari lilipokaa sawa juu ya kilima.

Tuliwakuta madaktari wakiwa bado wanahudumia. Kesho yake bandeji ilipofunguliwa, bibi alimtazama baba kwa muda mrefu, kisha akamwambia shati lake ni chafu. Wiki ile ile Fundi Masalu alifunga difu ya mzigo, na baba hakubisha.

Siku hizi napita njia ile na gari linalojichagulia gia lenyewe. Kuna lami, na binti yangu hajui kama pale pana kilima. Yeye husikiliza redio. Tukifika chini ya kilima naizima mpaka tufike juu. Huwa ananiuliza kwa nini, nami humwambia namsikiliza bibi yangu.