Kivuli cha Mvule

Mwanaidi anamjua baba mkwe wake kwa mikono. Mzee amepasua mbao Kwamsisi tangu ujana wake, na vidole vyake havijui kutulia. Akikaribishwa kwa mtu, kabla hajaketi hugonga kiti, huinamisha sikio, kisha husema taratibu, "Huu mninga," ama, "Hapa waliwauzia mbao mbichi." Mlango wa nyumba ya Mwanaidi ni wa mbao alizopasua yeye, na kila akipita huupapasa kama mtu anavyompapasa ng'ombe aliyemkuza mwenyewe.

Leo Mwanaidi amemleta Tanga kutembea, kwenye msitu uliohifadhiwa pembezoni mwa jiji, ambako bahari inasikika nyuma ya majani. Mzee alikwenda akigonga kila shina, mpaka akafika kwenye mti mmoja mnene. Hapo mkono ukabaki hewani, asigonge.

"Mti gani huu, baba?"

"Hata wewe huujui?" Akacheka, lakini si kicheko cha furaha. "Mvule. Ndio mlango wako."

Mwanaidi akatazama juu. Amezaliwa Kwamsisi, amekulia Kwamsisi, na hajawahi kuuona umesimama.

Mzee akavua kofia, akaketi kwenye mizizi, mikono yake ameilaza mapajani kama vitu vya kuazima.

"Baba, twende, wanafunga geti."

"Niache kidogo, mama," akasema. "Miaka yote ile sikupata kukaa kwenye kivuli chake. Nikifika mimi na msumeno, chenyewe kinaondoka."