Moshi wa Gari Langu na Jina la Fundi

Ukaguzi wa magari hapa Sweden unaitwa besiktning, na mimi neno hilo naliogopa. Nimezaa watoto wawili, nimefanya kazi ya kutunza wazee miaka chungu nzima, mtihani wa udereva niliupita mara ya nne bila kulia. Lakini nikisimama pembeni ya gari langu huku mtu mwenye ovaroli akichomeka mpira kwenye ekzosi na kutazama kompyuta yake, najiona niko kortini.

Mwaka ule hofu yangu ilikuwa na sababu. Wezi walipita kwenye maegesho yetu pale Alby wakakata katalisata, kile kisafisha moshi kinachokaa chini ya gari, katikati ya bomba la ekzosi. Ndani yake kuna madini ya thamani, ndiyo maana huibiwa. Asubuhi nilipowasha, gari lilinguruma kama trekta, majirani wakachungulia madirishani kwa macho makali kana kwamba mwizi ni mimi. Katalisata mpya ya kampuni iliyounda gari haikushikika kwa bei. Nikaenda kwa fundi wetu.

Nasema wetu kwa sababu alikuwa wa kanisa letu, lile la ibada ya Kiswahili, ambamo Wakongomani na sisi Watanzania tunagombania nyimbo na Wakenya wanagombania muda. Alikuwa Mkongomani wa Uvira, na huko alilala chini ya magari ya watu zaidi ya miaka ishirini. Hapa Stockholm alikuwa akisafisha mabasi, na siku zake za mapumziko alitengeneza magari katika gereji ndogo aliyokodi kule Rågsved. Alitaka siku moja aachane na mabasi kabisa. Hakuwa na bango wala tangazo. Wateja wake tulikuwa sisi, tukiambiana kwenye chai baada ya ibada kwamba yule bwana mikono yake ni safi. Hakuwa na kitu kingine cha kumletea kazi isipokuwa jina lake.

Akanitafutia katalisata ya kampuni nyingine, bei nafuu. Kabla ya kuifunga alinionyesha alama ya E iliyogongwa kwenye chuma, akaniambia bila alama hiyo wakaguzi hawaipokei, na karatasi yake akaiweka mwenyewe kwenye droo ya gari. Alipomaliza akafuta mikono polepole.

"Dada, sikiya muzuri," akaniambia. "Siku ya contrôle, tembeza gari kwanza mpaka Upplands Väsby na urudiye. Usizime moteur. Fika pale nayo ya moto, waipime ikiwa ya moto vile vile. Catalyseur ya baridi haitumikake."

Kwa Kifaransa chake contrôle ni ukaguzi na moteur ni injini. Nikaitikia ndiyo, ndiyo, nimekusikia. Ukweli ni kwamba nilishaacha kumsikiliza aliposema Upplands Väsby. Kutoka Alby mpaka kule ni kuuvuka mji mzima, kusini mpaka kaskazini, uende ufanye nini? Mimi nimekulia Morogoro na mafundi nawajua. Fundi hakosi sharti la ajabu, kama mganga, ili kazi ikiharibika aseme hukufuata masharti. Nikacheka kimoyomoyo nikaenda zangu.

Siku ya ukaguzi ilikuwa Februari, watoto wakiwa likizo ya baridi, nami nikamchukua binti yangu wa miaka kumi na mitano anisaidie Kiswidi kama kitanikwama. Miadi ilikuwa saa nne. Kituo hakiko mbali na kwetu, lakini mimi kuchelewa mbele ya Waswidi ni aibu nisiyoiweza, kwa hiyo saa tatu na robo tulikuwa tumeshaegesha mlangoni. Nikazima gari papo hapo. Hapa kuacha gari likiunguruma limesimama ni kosa, na sheria mimi nazishika kuliko wenye nchi. Tukakaa dakika arobaini na tano tumejifunika blanketi moja, pumzi zetu zikiweka ukungu kwenye vioo, nami nikijisifu moyoni kwa ustaarabu wangu.

Mkaguzi alikuwa dada mpole. Taa safi, breki safi, matairi safi. Kisha akachomeka mpira wake kwenye ekzosi, akatazama, akatazama tena. Moshi ulikuwa mchafu kupita kiwango. Nikapewa mwezi mmoja nirekebishe nirudi kupimwa, la sivyo nisiliendeshe tena. Kazi yangu ni ya kuzunguka nyumba za wazee. Nilitoka pale na hofu, na nilipofika garini ilishageuka hasira.

Jumapili sikungoja hata watu wapate chai. Nilimkuta fundi kwenye ukumbi, amesimama na mkewe na wenzao, kikombe mkononi.

"Umenifungia feki!" nikamwambia, na sauti yangu, kwa wasioijua, haihitaji kipaza sauti. "Gari limekataliwa. Moshi mchafu!"

Yeye akauliza taratibu, "Dada, ulizimaka moteur?"

"Usinibadilishie mada. Fundi gani wewe? Labda hata huko kwenu ulikuwa unaosha magari tu, kama unavyoosha mabasi hapa."

Hilo nililisema mimi, kwa mdomo wangu huu. Leo nikilikumbuka natamani kujificha. Aliweka kikombe mezani, akachukua koti lake, akatoka, na mkewe akamfuata bila kunitazama.

Tukirudi nyumbani, kwenye taa za barabarani, binti yangu alinigeukia. Huyu mimi namsemesha Kiswahili, yeye hunijibu Kiswidi, ndivyo tunavyoishi.

"Mamma, vi satt ju och frös i bilen," akasema. Tulikaa garini tukiganda kwa baridi. Halafu akaongeza, "Motorn var iskall."

Injini ilikuwa barafu. Nilijua papo hapo kwamba anasema kweli. Ile catalyseur ya baridi, isiyosafisha moshi mpaka ipate moto, niliyoiitikia ndiyo, ndiyo, ikanirudia neno kwa neno. Nikamwambia binti yangu mambo ya watu wazima hayamhusu.

Ningemaliza siku ile ile kwa simu moja. Sikupiga. Kiburi ni kitu kibaya, kilinifunga wiki mbili nzima, nikishikilia hasira ambayo haikuwepo tena. Katika wiki hizo, mzee mmoja Mganda wa kanisani, aliyekuja huku kama mkimbizi kabla wengi wetu hatujazaliwa, alinisimamisha kwenye kituo cha treni cha Alby.

"Binti yangu, nilikuwa nipeleke gari kwa yule Mkongomani," akasema. "Nimesikia alivyokuumiza. Nimepeleka kwingine. Na rafiki yangu pia."

Nilipaswa kumwambia pale pale. Nikamshukuru kwa kunijali! Nikapanda treni, nikakaa dirishani nikajichukia mpaka kazini.

Fundi ndiye aliyepiga simu. "Jumamosi saa tatu nakuja," akasema, akakata. Alikuja kweli, amepanda treni kutoka Rågsved na kubadilisha nyingine mjini, mfuko wa vifaa begani. Akalala kwenye theluji chini ya gari, akakagua kila ungio, akainuka, akanyoosha mkono nimpe ufunguo. Akaendesha yeye. Tulivuka mji mzima mpaka Upplands Väsby, tukageuza, tukarudi, yeye akiisikiliza injini tu. Redio sikuthubutu kuigusa. Tulipofika kituoni hakuzima. Aliniacha kwenye usukani, akaingia ofisini akawaomba kwa Kiswidi chake kizito walichukue gari likiwa moto, nao wakalichukua.

Lilipita. Moshi ulikuwa chini kabisa ya kiwango. Fundi aliichukua karatasi ya majibu ya ukaguzi akaisoma yote, akairudia mara ya pili, akanikabidhi. Nikaona macho yake yamelowa, na yangu yakafuata.

"Nimekukosea," nikamwambia. "Uliniambia nisizime, nikazima. Sikukusikiliza."

"Miye unaniambia nini?" akajibu. "Miye najua. Ambia wale."

Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, baada ya habari za kwaya na za msiba, nikanyoosha mkono. Nilisimama mbele ya watu wote nikasema kila kitu: blanketi, dakika arobaini na tano, masharti ya fundi niliyoyafanya ya mganga. Nikasema pia lile neno la kuosha magari, na kwamba nililisema kwa uongo na kwa ubaya. Watu walicheka kwenye blanketi. Kwenye lile neno hawakucheka. Yeye alikuwa ameinamisha kichwa, mkewe amemshika mkono. Yule mzee wa Uganda ndiye wa kwanza kumfuata baada ya ibada, na kufikia kiangazi gereji ya Rågsved ilikuwa na foleni, na mabasi akabaki nayo siku mbili tu kwa wiki.

Vuli nilimpelekea gari anibadilishie breki. Alinipokea vizuri, akanipa kiti, tukaulizana habari za watoto. Kazi ilikuwa safi kama kawaida yake. Alipomaliza alinipa karatasi iliyoandikwa kwa mkono, kwa Kiswahili: kilomita za mwanzo nisikanyage breki ghafla, nisiende mwendo mkali, nirudi akague baada ya wiki mbili. Chini alikuwa amechora mstari wa sahihi. Nikamuuliza kama siku hizi wateja wote wanatia sahihi.

"Hapana, dada," akasema, bila ubaya wowote. "Ni weye tu."

Nikaisoma mstari kwa mstari mpaka mwisho, yeye amesimama ananingoja, kisha nikatia sahihi.