Sauti ya Diski ya Pili

Katika Kitui nzima nadhani ni mimi peke yangu niliyetembea na sweta saa saba mchana. Watu wa sokoni walinizoea nikitoka kazini kwenda kunywa chai, jasho likinitiririka, na sweta ya sufu imefungwa vifungo hadi shingoni. Wengine walisema nina malaria isiyopona. Mama mmoja wa kanisa letu alikuja nyumbani kuniombea, akaniwekea mkono kichwani kwa muda mrefu. Ningemweleza nini? Kwamba nafanya kazi katika chumba chenye baridi kuliko vyumba vyote vya wilaya, na kwamba baridi yenyewe si yangu, ni ya mashine?

Ilikuwa miaka ya themanini, pamba ikiwa bado pamba. Chama cha ushirika cha wakulima kilikuwa kimenunua kompyuta kubwa, ile aina ya kujaza chumba, baada ya ofisi moja ya Nairobi kuichoka. Ililetwa kwa lori, makabati ya chuma yamefungwa kwa magunia kama ng'ombe anayeogopewa kuvunjika miguu. Mimi nilikuwa nimesomea kazi hiyo Nairobi, na kwa kuwa kwetu ni kijiji cha Kabati, hapo hapo Kitui, walinirudisha nyumbani kuitunza. Nyumbani! Watu waliniambia nina bahati. Nilikuwa msichana ambaye hajaolewa, mwenye mshahara na mlango wa chuma ambao ufunguo wake tulikuwa nao mimi na meneja tu. Nilikaa nyuma ya mlango huo kutwa nzima, na hakukuwa na mtu hata mmoja, tangu Mwingi hadi Ikutha, ambaye ningemwambia leo diski imenisumbua akaelewa nasema nini.

Meneja hakunisaidia. Kwake yeye chumba changu kilikuwa friji. Mkutano mkuu wa wanachama ukikaribia, aliniletea kreti za soda nizipange kando ya mashine ya tepu, na mwaka mmoja akaleta mbuzi mzima aliyechunwa. Nilimkatalia mbuzi. Soda nilizikubali, kwa sababu mtu hawezi kupigana vita vyote.

Matengenezo yalikuwa ya kampuni iliyouza mashine, huko Nairobi. Tulikuwa na mkataba nao, na mkataba ulisema fundi atakuja tukimwita. Haukusema lini. Nikipiga simu, kijana wa mapokezi alinijibu kwa upole kwamba tatizo ni vumbi letu. Kama si vumbi ni stima yetu. Kama si stima ni joto letu. Nilifika mahali nikaamini kwamba Kitui yenyewe ndiyo imevunja mkataba.

Kumbe nilikuwa na bahati moja. Fundi waliyekuwa wakimtuma, kila walipokumbuka kumtuma, alikuwa mzee kutoka Kilungu, Mkamba mwenzangu, mwenye koti la kijivu lililojaa bisibisi mifukoni. Aliniita mwiitu, yaani binti, nami nikamwita Fundi. Hakuongea sana. Akifika alisimama katikati ya chumba, akafumba macho, akasikiliza. Sahani nzito zilizunguka ndani ya zile diski mbili zilizohifadhi hesabu za wakulima, feni zikavuma, na mimi niliyesikia kelele tupu nilimtazama akigeuza kichwa pole pole hadi anyooshe kidole mahali. Alifungua hapo hapo, na ubovu ukawa hapo hapo.

Siku moja, baada ya kusafiri njia yote hiyo kuja kukaza skrubu moja, alinipa utaratibu mpya.

"Mwiitu, hii safari ni bure," alisema. "Ambia watu wa Posta wakuvutie waya ya simu mpaka hapa ndani. Ikikusumbua unanipigia, unaweka simu hapo kwa diski. Nitaskia nikiwa Nairobi."

Nilidhani ananitania. Lakini Posta walivuta waya, na Jumatatu iliyofuata niliomba laini ya Nairobi, nikamwambia, "Fundi, hii ni diski ya kwanza. Unasikia?" nikanyoosha mkono wa simu kwenye kile chuma chenye baridi. Nilipourudisha sikioni nilimkuta akisema, "Nasikia. Leta hiyo ingine."

Ilichukua muda kuzoeleka. Msichana wa Posta aliyetuunganisha alisikia ule mngurumo, akaamua laini imeharibika, akakata. Nikaomba tena, akakata tena, na safari hii akaniomba radhi kwa niaba ya serikali. Ilibidi nimwalike aje aone kwa macho yake. Alisimama mlangoni akitetemeka, akaitazama mashine, akanitazama mimi na sweta yangu, akasema, "Na huwa mnaongea nini, wewe na hii kitu?" Tangu siku hiyo hakukata tena.

Basi kila Jumatatu asubuhi nilimpigia, hata kama hakuna kilichoharibika. Sitajidanganya kwamba ilikuwa kazi tupu. Mara nyingi hatukusema lolote la maana. Nilisema ni diski ya kwanza, unasikia, akasema nasikia. Nikasema ni diski ya pili, unasikia, akasema nasikia. Baadaye akaniuliza kama mvua imenyesha kwetu. Nilikuwa na ndugu, nilikuwa na kanisa, nilikuwa na majirani walionipenda, lakini neno lile moja la mzee mmoja ndilo lililonitosha wiki nzima.

Mara moja kwa mwaka kampuni iliwaita wateja wake wote Nairobi, sisi tuliotunza mashine za aina ile. Nilingoja siku hiyo kama watoto wanavyongoja Krismasi. Walikuja watu wa benki, wa reli, wa viwanda, na wote walikuwa na malalamiko yangu: spea zinazokwama bandarini, mafundi wanaobadilishwa kabla hawajakujua, barua zisizojibiwa. Kusikia mtu mwingine akilalamika jambo lako, kwa maneno yako, ni raha ambayo sijui niilinganishe na nini. Nilikula chakula cha mchana nikicheka kwa sauti.

Katika mkutano wa mwisho niliohudhuria, mkubwa wa kampuni alisimama akatangaza kwamba aina yetu ya mashine imefika mwisho. Spea hazitaagizwa tena, na mafundi waliozijua watastaafishwa. Wanaotaka wangeuziwa mashine mpya. Nilitazama kando nikitegemea ghasia. Watu wa benki waliandika kitu kwenye karatasi zao. Watu wa reli walikuwa wameshaagiza mpya. Mtu aliyeketi karibu nami aliniuliza, "Nyinyi mnahamia lini?" Nilimwambia chama chetu kinahangaika hata kukarabati paa la ghala.

Fundi alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na chupa za chai, amevaa tai. Sikuwahi kumwona na tai.

"Sasa ni nani atasikiliza?" nilimwuliza.

"Hao vijana hawasikilizi," alisema. "Wamefundishwa kubadilisha kabati nzima." Akanieleza njia ya kufika kwake Kilungu, kwa sababu nyumbani kwake simu haikuwepo.

Nataka nieleweke hapa. Kazi sikuiogopea sana. Nilijua chama kitanitafutia meza nyingine. Mashine ile ikifa, chumba kitafungwa, na mimi nitarudi kuwa mtu ambaye hakuna anayejua anafanya nini duniani. Hilo ndilo nililoliogopa.

Msimu mmoja wa pamba ukapita salama. Wa pili ulipoanza, diski ya pili ilitoa sauti mpya, nyembamba, chini ya ule mngurumo wa kawaida. Nilipiga simu kwa kampuni. Kijana wa mapokezi alinikumbusha kwamba mkataba umekwisha, kisha akasema huenda ni vumbi. Nikaweka simu chini kabla sijamwambia neno ambalo lingemfikia mchungaji wangu.

Ndipo nikaazima redio kaseti ya kaka yangu. Siku ya Alhamisi nilijifungia chumbani, nikabonyeza vidude viwili kwa pamoja, nikaisogeza kwenye mashine kama nilivyosogeza simu miaka yote ile. Nilirekodi feni, kisha diski ya kwanza. Diski ya pili nikaiweka mwisho, na nikaiacha ijaze utepe wote uliobaki. Mbele ya kila moja nilitamka jina lake na nikauliza kama anasikia. Ilikuwa mazoea, mdomo ulifanya wenyewe. Ijumaa jioni nikanakili kumbukumbu zote kwenye tepu, nikazima mashine jinsi Fundi alivyonifundisha kuizima kila mwisho wa wiki, na Jumamosi alfajiri nikaondoka.

Kutoka barabara ya Mombasa nilipanda vilima vya Kilungu kwa miguu, kwenye vijia vinavyopita katikati ya mashamba ya watu, redio mkononi kama mtu anayeenda harusini. Fundi nilimkuta akipogoa michungwa. Mke wake alinikaribisha kwa chai, akanisimulia kwamba tangu mzee astaafu hapati usingizi. "Anasema hapa kumenyamaza sana," alisema mama huyo, na kuku walikuwa wakipiga kelele mlangoni.

Tulikaa barazani nikamwekea kaseti. Alifumba macho. Ilipofika diski ya pili, sauti yangu ikatoka redioni, nyembamba, ya mtu aliyepigwa na baridi: "Fundi, hii ni diski ya pili. Unasikia?"

"Nasikia," alisema, ingawa nilikuwa nimeketi kando yake.

Alisikiliza hadi utepe ukaisha. Kisha akafungua macho.

"Hiyo ni beringi imeisha," alisema. "Lakini bado inazunguka na ile nguvu ya kwanza. Usiizime, mwiitu. Hata wikendi usiizime. Hiyo ikisimama haitaamka tena."

 Alinitazama, akakumbuka leo ni siku gani, na akakumbuka ni nani aliyenifundisha utaratibu wa Ijumaa. Hatukulaumiana. Alinyanyuka akaenda ndani, akarudi na lile koti la kijivu.

Jumatatu alikuwa nami Kitui. Hakuna kampuni iliyomtuma, na meneja alimpa mkono bila kujua hasa ni nani. Niliwasha feni zikavuma. Diski ya kwanza ikapanda. Ya pili ilijaribu, ikatoa mlio mfupi, ikasimama. Fundi aliweka mpini wa bisibisi kwenye chuma na sikio lake juu ya mpini, akaniambia nijaribu tena, na tena. Halafu akauondoa mkono wake kwenye bamba la mbele, ambalo alikuwa ameligusa kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Tepu zako ziko?" aliuliza.

"Ziko zote."

"Basi umefanya kazi yako."

Nililia pale pale, nikiwa nimevaa sweta. Yeye alizima feni moja baada ya nyingine, na kwa mara ya kwanza nikasikia jinsi kile chumba kilivyokuwa karibu na soko. Watu walikuwa wakipatana bei ya mbuzi nje ya dirisha. Kabla hajaondoka aliniomba nimwachie ile kaseti. Niliitoa kwenye redio nikampa bila kufikiria.

Tepu zilipelekwa Nairobi kusomwa na mashine ya watu wengine. Nilipewa meza kwenye ofisi ya mafaili, penye dirisha na jua, na meneja akapata friji yake yote. Kilungu nilikusudia kurudi. Mnajua jinsi mtu anavyokusudia.

Nilirudi miaka ya tisini ilipoanza, baada ya kupata habari za msiba wa Fundi nikiwa nimechelewa hata mazishi. Mke wake alinikaribisha barazani pale pale. Tulizungumza juu ya michungwa. Mwishowe nilimwuliza kama ile kaseti ipo, akaona haya. Wajukuu waliirekodia kwaya yao ya kanisa, alisema, lakini mzee alikuwa ameshaondoka, hakuona.

Aliileta hata hivyo, pamoja na redio. Kwaya iliimba vizuri, watoto wakipandisha sauti mahali pa kupandisha. Wimbo wa mwisho ukaisha kabla ya utepe, kukawa na mkwaruzo kidogo, halafu nikajisikia mwenyewe.

"Fundi, hii ni diski ya pili. Unasikia?"

Kisha ule mngurumo, na ile sauti nyembamba chini yake. Nilinyoosha mkono kuizima. Mama yule akanishika kifundo cha mkono.

"Ngoja," alisema. "Hapo ndipo alikuwa anajibu."