Chepngeno na Njia ya Embakasi

Kule Kapkatet, mtu akipata safari ya ng'ambo, kabla hata hajaazima sanduku, humtafuta kwanza Chepngeno. Ni mjane wa makamo mwenye ekari moja na nusu ya majani chai na ng'ombe wawili. Shule aliachia darasa la nne, na hajawahi kupanda ndege wala hana hamu ya kupanda. Lakini ndiye anayejua mahali pa kushukia Nairobi, mahali pa kungojea basi namba 34, na mlango ambapo wasafiri hutokea wakiwa wamechoka, wakitazama huku na huku. Vijana humwita Mama Airport. Yeye hacheki wala hakasiriki. Njia hiyo aliijua kwa namna ambayo hamwombei mtu mwingine.

Mwanawe wa mwisho, Kipruto, alikwenda India mwaka wa 1991 kusomea biashara katika mji wa Poona. Kanisa lilimchangia, na siku ya kuondoka mchungaji alikodi pikapu ya kumpeleka Nairobi. Pikapu ilijaa. Walipanda wazee wa kanisa, wakapanda vijana aliosoma nao, na mama mwenyewe akabaki barabarani kwa sababu nafasi ilikuwa imekwisha na ng'ombe walikuwa hawajakamuliwa. Kipruto alimpungia mkono mpaka pikapu ikapinda kona. Alikuwa na miaka ishirini, mrefu, amevaa koti la kahawia la marehemu baba yake.

Kwa miaka miwili barua zilikuja vizuri. Mwaka wa tatu zikaanza kuwa fupi. Katika moja aliandika kwamba ana kikohozi kisichosikia dawa. Katika iliyofuata hakukitaja kikohozi hata kidogo, na hapo ndipo Chepngeno alipoanza kuogopa.

Juni mwaka wa 1994, Jumatatu, Marcella mwenye duka lenye simu alikuja mbio hadi shambani, duka ameliacha wazi. Mkononi alikuwa na kipande cha karatasi ya kufungia sukari.

"Mama Kipruto, simu imetoka India. Si yeye aliyepiga, ni rafiki yake. Laini ilikatika kabla sijauliza mengine. Nimeandika yote niliyosikia."

Karatasi ilisema: *Kipruto mgonjwa. Wanamrudisha. Alhamisi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ndege ya kutoka Bombay. JKIA. Waje watu wawili, hawezi kubeba mzigo.*

Chepngeno aliisoma akiwa bado na kikapu cha majani mgongoni. Alikiteremsha, akaenda moja kwa moja kwa Kipkosgei, kaka mkubwa wa marehemu mumewe.

Kipkosgei alikuwa amefanya kazi Nairobi miaka saba, zamani, akiwa askari wa kulinda ghala za ndege. Tangu arudi nyumbani, Nairobi ndiyo iliyokuwa heshima yake. Kikao chochote kikipoa, yeye huwasha hadithi za Nairobi: barabara gani inakwenda wapi, mzungu gani alimpa saa, ndege ipi ilikosa kiwanja. Watu walimsikiliza, maana nani angembishia?

"Airport?" alisema, akirudisha karatasi. "Mimi nimekula na kulala airport. Usiwe na wasiwasi, mama. Tutaenda na tutamleta kijana."

"Na hizi herufi, Baba Dorine? Hizi za JKIA?"

"Hiyo ni jina ya ndege. Kila ndege iko na jina yake."

Chepngeno akaikunja karatasi, akaifunga kwenye pindo la leso.

Jumatano waliondoka na basi la Narok, lile linalopita Bomet na Mulot. Alibeba blanketi na kibuyu cha mursik, maziwa yale ya mgando yenye mkaa ambayo Kipruto aliyaota huko India, kama alivyoandika mwenyewe. Jioni walifika kwa jamaa mmoja aliyekuwa akiishi Kibera. "Hapa ni karibu sana na airport," Kipkosgei akasema kwa fahari, na hakudanganya, kwa ile airport aliyoijua yeye.

Alhamisi alfajiri walipanda basi la Barabara ya Lang'ata. Kando ya Chepngeno aliketi mwanamke aliyevaa sare za muuguzi. Akamwona na blanketi, na kibuyu, na uso ambao haukuwa umepata usingizi.

"Unaenda wapi, mama?" muuguzi akauliza.

Chepngeno alifungua mdomo. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye pindo la leso, unaanza kufungua fundo.

"Tuko sawa," Kipkosgei akajibu kutoka kiti cha nyuma. "Tunajua tunapoenda."

Muuguzi akageukia dirishani. Chepngeno akalikaza tena lile fundo. Baadaye, kwa miaka mingi, alikuwa akiliona fundo hilo na vidole vyake mwenyewe vikilikaza.

Walishuka kwenye kiwanja cha ndege cha Wilson saa kumi na mbili kamili. Kulikuwa na lango, askari, na nyuma ya waya ndege ndogo ndogo zimepangwa. Kipkosgei alimwonyesha ghala aliyokuwa akilinda na mahali palipokuwa na kibanda chake. Wakasimama. Saa kumi na mbili na nusu ikapita. Ndege moja iliruka na wazungu waliovaa kofia za mbugani. Nyingine ikapakiwa magunia ya miraa na kuondoka ikinguruma. Hakuna ndege iliyotua na mtu wa Kapkatet.

"Labda imechelewa," Kipkosgei akasema saa moja.

"Tuulize yule askari."

"Ndege hizi za mbali huchelewa, mama. Mimi nazijua."

Saa mbili akasema hivyo hivyo, ingawa sauti ilikuwa imepungua. Saa tatu Chepngeno hakumtazama tena. Alivuka barabara peke yake, akalifungua lile fundo, akampa askari karatasi.

Askari aliisoma mara mbili. "Ndege ya Bombay? Bombay ya India? Mama, hapa ni Wilson. Ndege kubwa zinatua Embakasi, upande ule mwingine wa mji. JKIA ndiyo jina ya airport yenyewe. Jomo Kenyatta."

"Ni mbali?"

"Rudi mjini kwanza. Halafu utafute namba 34."

Kipkosgei alikuwa amemfuata na kusimama nyuma yake, na alisikia kila neno. Alikichukua kibuyu mkononi mwa Chepngeno ili aubebe yeye ule uzito, naye akamwachia.

Basi la kurudi mjini lilikwama kwenye msururu wa magari mpaka watu wakaanza kushuka na kutembea. Wakashuka nao. Walitembea haraka, Chepngeno mbele, akiuliza kila aliyekutana naye, polisi, muuza magazeti, mwanafunzi, na kila mmoja alimwelekeza bila shida yoyote. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Jambo lenyewe lilikuwa jepesi namna ile.

Kwenye kituo cha 34 kulikuwa na foleni ndefu. Basi la kwanza likajaa kabla hawajafika mlangoni, wakapata la pili. Lilikwenda pole pole, likisimama kila mahali, wafanyakazi wakipanda na kushuka. Karibu na Donholm walipishana na basi jingine la namba hiyo hiyo likirudi mjini. Yalikaribiana kiasi kwamba Chepngeno aliona vichwa vya abiria vilivyoegemea vioo. Akavitazama jinsi mtu anavyotazama chochote kinachopita, akageuka.

Walifika saa sita kasorobo. Ukumbi ulikuwa mtupu, sakafu inapigwa deki. Mwanamke wa kufagia, mtu mzima mwenye umri kama wake, aliacha kazi alipoona lile blanketi.

"Kijana mrefu, mwembamba sana? Ana koti la kahawia?" akauliza. "Aliketi pale kwenye nguzo tangu asubuhi. Alikuwa anakohoa. Nilimpa maji. Kila mama alipopita, yeye alikuwa anainua kichwa."

"Yuko wapi?"

"Saa tano hivi alisema labda mama yake anamngoja stendi mjini, kwa sababu hajui huku. Nilimwambia akae. Akapanda namba 34." Alimshika mkono. "Pole, dada. Hajaenda mbali."

Ndipo Chepngeno alipokumbuka basi la Donholm.

Siku ile walirudi mjini na kuuliza mabasi yote. Ijumaa alienda Embakasi na kurudi mara tatu, akiwauliza madereva na makondakta, akisimama kila kituo ambapo mtu mgonjwa angeweza kushuka. Kipkosgei alikaa kituoni mjini, kwenye ubao ambao abiria hupumzikia, kibuyu kati ya miguu, akitazama kila anayeshuka. Hakula siku nzima. Chepngeno alipomletea mkate, aliushika tu.

Jumamosi asubuhi alikuja kondakta ambaye hawakuwa wamemwona, mtu mnene mpole aliyeitwa Otiende. Ijumaa ilikuwa siku yake ya mapumziko. Chepngeno hakuwa amemaliza kueleza.

"Koti la kahawia? Huyo mtu yako nilimbeba mimi," Otiende akasema. "Tulipofika mwisho alishindwa kusimama. Damu ilitoka kwa mdomo. Mimi na dereva tulimpeleka hospitali na basi hilo hilo, abiria wakangoja. Twende, nitakuonyesha wadi."

Akamwachia mwenzake zamu, akaenda nao.

Kipruto alikuwa hai. Alilala karibu na dirisha, mpira wa hewa puani, mikono imebaki mifupa. Mwanzoni Chepngeno alipita kitanda kile akakiacha, akidhani ni mzee fulani. Sauti ndiyo iliyomrudisha.

"Mama."

Alipiga magoti.

"Nilingoja," Kipruto akasema.

"Najua, mwanangu. Nilifika. Nilikuwa nimepotea njia."

"Nilijua utapotea." Akatabasamu kidogo. "Umekuja na nani?"

"Na baba yako mkubwa."

Kipkosgei alikuwa amesimama mlangoni mwa wadi na hakuingia. Kipruto alimtafuta kwa macho, akainua vidole kumsalimia. Mzee yule akageuka, akauegemeza uso ukutani, mabega yakitikisika, wagonjwa wote wakimtazama.

Mursik hakuweza kuinywa. Chepngeno alichovya kidole, akamlambisha, naye akafumba macho. Jumapili aliongea maneno machache juu ya Poona, juu ya mvua za huko na rafiki aliyemtafutia tiketi. Jumatatu saa nne asubuhi akafariki, mama yake akiwa amemshika mguu juu ya blanketi.

Chepngeno alimfuata daktari nje. "Kama ningekuwa pale alipotua," akauliza, "kama tungemleta hapa asubuhi ile ile?"

Daktari alikuwa kijana. Alitazama faili, halafu akatazama viatu vyake. "Mapafu yalikuwa yamekwisha, mama. Alitoka huko yakiwa yamekwisha. Lakini zile saa za kukaa sakafuni..." Chepngeno hakumsukuma amalize.

Baada ya mazishi watu wa Kapkatet hawakumsikia tena Kipkosgei akitaja Nairobi. Mtu akimchokoza, "Mzee, na kule Nairobi je?" aliinuka akaondoka. Kanisani alikuwa akiketi kiti cha mwisho, halafu akaacha kwenda kabisa. Lakini kila Jumamosi Chepngeno alikuta mzigo wa kuni umewekwa kando ya ua wake. Hakumwona akiuleta. Hakumshukuru, na hakuukataa. Miaka minne ikapita hivyo, nyumba mbili jirani, bila maneno zaidi ya salamu za njiani.

Chepngeno mwenyewe aliirudia ile njia mwaka uliofuata mazishi, jirani yake Nyamoita alipokuwa akimsindikiza binti yake na hajui aanzie wapi. Chepngeno alisema atampeleka kabla hajaombwa. Baada ya huyo wakaja wengine. Hakutaka malipo zaidi ya nauli. Alikuwa na masharti yake: kufika masaa matano kabla ya ndege, kuuliza kila hatua hata kama unajua, na kwa msafiri anayerudi, kutoondoka mpaka ameonekana kwa macho.

Mwaka wa 1998 Dorine, binti wa Kipkosgei, mkimbiaji hodari, aliitwa kwenda Japani katika timu ya kampuni fulani. Mama yake ndiye aliyekuja kumwomba Chepngeno. Kipkosgei hakutia mguu.

Lakini asubuhi ya safari alikuwa stendi ya Kapkatet kabla ya kila mtu, amebeba mkoba wa bintiye. Alikuwa amezeeka ghafla, shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola. Dorine alipoingia kwenye basi, mzee akamkabidhi Chepngeno mkoba.

"Utamfikisha?" akauliza.

"Nitamfikisha."

Aliitikia kwa kichwa, akataka kuondoka. Chepngeno akamshika mkono wa shati. Maneno aliyosema alikuwa ameyabeba miaka yote hiyo.

"Baba Dorine, ndani ya basi lile kulikuwa na muuguzi. Aliniuliza naenda wapi. Nilikuwa na mdomo wangu na karatasi kwenye leso, na sikusema. Wewe ulijibu, lakini mimi ndiye niliyenyamaza."

Mzee alimtazama kwa muda mrefu. Kondakta akapiga bodi, basi likaanza kusogea, na Chepngeno akalazimika kumwachilia ili apande.

Akaketi kando ya Dorine. Barabara ya kwenda Sotik ilikuwa na ukungu, wachumaji wameshaingia mashambani, vichwa tu vinaonekana juu ya chai. Msichana alikuwa na maswali mengi. Je, pale uwanjani kuna baridi? Je, mtu akikosea mlango? Chepngeno alimjibu moja baada ya jingine, kwa utaratibu, mpaka Dorine akanyamaza na kulala begani mwake.