Wifi Alipoingia Kundi la Ridhaa

Kazini walimwita Pasi, na jina hilo hakulitafuta. Alikuwa mnyoosha mashuka wa hoteli, katika chumba cha chini ya ngazi kisicho na dirisha, mashine za kufulia upande huu, meza ndefu ya kupigia pasi upande ule. Alikuwa na tabia moja iliyowakera wengi: hamjibu mtu mpaka amalize shuka aliloshika. Meneja akiuliza kitu, shuka kwanza. Mwenzake akija na umbea wa motomoto, shuka kwanza. Hata habari ya msiba wa shangazi yake ilimkuta amekunja ncha mbili. Akakunja na mbili zilizobaki, ndipo akaketi akalia.

Kuogelea alijifunzia hapohapo hotelini. Kila asubuhi alipeleka taulo safi bwawani, na mtunza bwawa, mzee mwembamba aliyenukia dawa ya maji mpaka wafanyakazi wakambatiza Klorini, alikuwa akimtazama anavyojishika kiuno.

"Mgongo huo utakuangusha juu ya hiyo pasi yako siku moja," Klorini alimwambia. "Ingia majini kabla wageni hawajaamka."

Akaingia na gauni lake la kazi, akanywa maji ya kumtosha mwezi mzima. Baiskeli hakufundishwa na mtu, kwa kuwa ndiyo iliyompeleka kazini miaka yote, na mbio alikuwa nazo tangu shuleni. Kwa hiyo mji ulipoanzisha mashindano ya kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, yote matatu kwa mkupuo mmoja, Klorini alimwambia hayo ni maisha yake ya kila siku, ila tu siku hiyo watakuwepo watu wa kumpigia makofi.

Asiyejua hudhani mashindano kama hayo ni ya watu wa kulipwa peke yao. La hasha. Wa kulipwa huwa wachache, na baiskeli zao za bei ya shamba. Waliobaki ni watu wa ridhaa: wauza maduka, manesi, makarani, wenye vitambi na wasio navyo, wamepangwa kwa umri ili kila mtu ashindane na rika lake. Pasi alikuwa kundi la wanawake wa arobaini na kuendelea, na katika kundi hilo alikuwa wa pili. Mwaka nenda mwaka rudi, wa pili. Wa kwanza alikuwa mwalimu wa hesabu, mwanamke wa miguu mirefu ambaye hakuwahi kumdharau wala kumwachia nafasi. Sasa mwalimu alikuwa amehamia mbali, na kila aliyeyajua mambo ya kundi lile alijua safari hii ni zamu ya Pasi. Mwenyewe alipangusa vumbi kwenye rafu ya sebuleni, akaisogeza redio pembeni, na nafasi iliyobaki ilitosha kikombe.

Mumewe, fundi wa majokofu, aliiona ile nafasi akanyamaza. Mwanamume mwenye akili zake.

Sasa huyu mume alikuwa na mdogo wake wa kike, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuingia mchanga. Wifi alikuwa mchezaji wa kulipwa wa michezo hiyohiyo mitatu, na si wa kubahatisha, moto wa kuotea mbali. Alizunguka nchi za watu, akalipwa, akapigwa picha. Mabati yaliyofunika nyumba ya Pasi yalinunuliwa kwa jasho la wifi yake, na jambo hilo lilitajwa nyumbani mle kila mvua iliponyesha. Mwanzoni mwa mwaka huo alirudi kutoka mashindano ya mbali na blanketi kwa kila mtu, akatangaza mezani kwamba amestaafu. Walikula, walicheka, wakamtania kwamba sasa atanenepa.

Hakunenepa. Jumapili moja alikuja, akajimiminia chai, akasema:

"Wifi, nimejiandikisha. Kundi lako. Nimetimiza arobaini, si unajua? Tutakuwa pamoja."

Pasi alikuwa anakunja nguo za watoto. Alimaliza shati, akalilaza juu ya mengine.

"Kundi la ridhaa?"

"Kwani mimi sasa ni nani? Silipwi na mtu. Ni mtu wa kawaida kama wewe."

"Mtu wa kulipwa akiacha, si anangoja mwaka mzima kwanza ndiyo aingie huku?"

"Aa, hizo sheria nani anazifuata. Waandaaji wenyewe wamefurahi, wameniomba na picha. Mbona unaninunia, wifi? Tunakwenda kucheza tu."

Kucheza tu. Mtu aliyelipwa ujana wake wote aogelee asubuhi, aendeshe mchana, jioni alale akandwe misuli, anamwambia mpiga pasi kwamba wanakwenda kucheza tu. Na wala hakuwa na roho mbaya. Angekuwa nayo, kazi ingekuwa nyepesi. Alikuwa mtu aliyeamka asubuhi akakuta hakuna anayemngoja popote, akatafuta mahali pa kwenda, na mahali alipopaona ni pale pa wifi yake. Pasi aliliona hilo waziwazi, na bado lilimuuma.

Wifi alipoondoka, Pasi alimweleza mumewe alichoambiwa na Klorini. Mashindano yakiisha, kabla ya zawadi, mshiriki wa kundi lilelile anaweza kwenda kwenye meza ya waamuzi akaweka pingamizi kwa mdomo wake. Asiyekuwa wa kundi hilo hawezi kuliweka.

"Ni mdogo wangu," mume alisema.

"Namjua ni nani."

"Na haya mabati…"

"Mabati nayajua. Nalala chini yake."

"Sasa siku hiyo mimi nitasimama wapi?"

"Simama kwenye hema la watazamaji. Jua litakuwa kali."

Siku ikafika. Pasi alitoka nyumbani hajaamua. Upande mmoja alitaka kile kikombe, alikitaka kwa nguvu kuliko alivyowahi kutaka kitu cha kuwekwa rafuni. Upande wa pili alijiona mwanamke mzima anayetaka kumshitaki ndugu kwa sababu ya kuogelea, na aliona haya. Wakaingia majini pamoja, yeye na wifi na wenzao wa arobaini na kuendelea. Zilipopigwa mikono michache, wifi hakuonekana tena.

Njia ya baiskeli ilikuwa mizunguko mitatu, na kila mzunguko ulipita mbele ya eneo la kubadilishia, pale ambapo mtu huacha baiskeli aanze kukimbia. Pasi alikuwa anamaliza mzunguko wa pili aliposikia mlio wa matairi nyuma yake. Wifi alikuwa anamaliza wa tatu.

"Jikaze, wifi," alisema akimpita, kwa upole kabisa, wala hahemi.

Eneo la kubadilishia lilikuwa mbele yao. Hapa yafaa kueleza kitu. Watu wa ridhaa hutundika baiskeli zao wenyewe, kila mtu kwenye chuma chenye namba yake, na asipotundika haruhusiwi kukimbia. Watu wa kulipwa hawatundiki. Wao huwekewa wapokeaji: mchezaji anaruka chini, anaiachia baiskeli ikiwa bado inakwenda, mtu anaidaka, yeye anatimua mbio. Ndivyo wifi alivyofanya miaka yote ya kazi yake, na ndivyo alivyofanya siku hiyo. Aliruka vizuri mno, akaachia, akaanza kukimbia bila kugeuka.

Baiskeli ikaenda peke yake hatua kadhaa, ikayumba, ikaanguka kwa kishindo katikati ya njia.

Mwamuzi alipuliza filimbi. Wifi akageuka. Mkono wake ulikuwa bado umenyooshwa nyuma, kiganja wazi, na alitazama baiskeli, kisha akautazama ule mkono. Watu pembeni walicheka, nesi mmoja mpaka akajishika mbavu. Pasi hakucheka, kwa kuwa alikuwa na kazi ya kuikwepa ile baiskeli, lakini ule mkono aliuona vizuri, na akaondoka nao mzunguko mzima wa mwisho.

Kushindwa alishakuzoea, hata kwa mbali. Kilichomuuma ni ule mkono ulioachia bila kutazama, kwa uhakika kwamba nyuma lazima yupo mtu. Yeye tangu azaliwe hakuwahi kuachia kitu akategemea kitadakwa. Alipofika kwenye chuma chake akatundika baiskeli, akahakikisha imekaa, akaanza kukimbia ameshaamua.

Wifi alirudi akatundika yake kwa tabu, akakimbia, na bado alishinda kwa mbali mno. Pasi alipovuka mstari, wa pili kama kawaida yake, alimkuta ameshaoga, amejifunga taulo, amemshikia chupa ya maji.

"Hongera, wifi. Wa pili si haba."

Pasi aliyanywa maji yote kwanza. Akafunga kifuniko.

"Nakwenda mezani, wifi. Naweka pingamizi. Nimeona nikuambie mwenyewe, usije ukasikia kwenye spika."

Wifi alikaza fundo la taulo. "Kwa sababu ya baiskeli?"

"Kwa sababu ya mwezi wa kwanza. Yale mashindano uliyotuletea mablanketi."

"Blanketi ulilipokea."

"Na nalipenda. Najifunika kila siku."

Akaondoka, amejikaza kisabuni. Mwamuzi mkuu, mama mmoja aliyepandisha miwani ya jua juu ya nywele, alimsikiliza huku akitafuna karanga.

"Huyu nijuavyo mimi amestaafu," alisema.

"Amestaafu mwaka huu. Mwezi wa kwanza alikuwa bado analipwa."

"Ni neno lako hilo. Nani mwingine anajua?"

Aliyejua alikuwa hemani, hatua chache tu, na Pasi alikuwa ameapa moyoni kwamba hatamwita. Hakumwita. Fundi wa majokofu alitoka mwenyewe kivulini, anafuta mikono kwenye suruali ingawa haikuwa na uchafu.

"Mimi najua," alisema. "Mwezi wa kwanza. Ni mdogo wangu, alitusimulia mezani." Kisha akatazama chini. "Alilipwa vizuri, hata tulikula nyama siku hiyo."

Mwamuzi mkuu akameza karanga zake, akamwita wifi, akamuuliza. Wifi alimtazama kaka yake kwa muda mrefu. Akasema ni kweli, akachukua mkoba wake, akaondoka na baiskeli begani.

Spika zilipomtaja Pasi kuwa wa kwanza, watu waliguna. Wengine walisema wazi bingwa amenyang'anywa ushindi, na yule aliyepanda jukwaani wala hakuwa na mwendo wa maana. Kikombe chenyewe kilikuwa kidogo, na sikio moja lililegea. Siku hiyo Pasi hakufurahi hata kidogo. Furaha ilimjia Jumatatu, katikati ya shuka, akiwa peke yake mle chini ya ngazi, na ilimjia kubwa mpaka akaiweka pasi pembeni na kuliacha shuka nusu. Klorini aliyekuja kudai taulo aliliona lile shuka akadhani mtu kafa.

Jumapili zikapita, wifi haonekani. Mvua ikanyesha, mabati yakalia, na mle ndani hakuna aliyeyataja. Mume akawa anatengeneza majokofu mpaka ya watu ambao hawajamwita.

Kisha Jumapili moja wifi alisimama mlangoni na baiskeli yake. Pasi alikuwa na shati mkononi. Alilimaliza.

"Nimekuja unifundishe kutundika hii kitu," wifi alisema. "Nyumbani kila nikiitundika inadondoka. Miaka yote hiyo sikuwahi kutundika yangu."

"Karibu ndani, wifi."

"Kaka yupo?"

"Yupo nyuma, kajificha. Kakusikia."

Wifi akakaribia kutabasamu, akajizuia. Macho yake yalikwenda kwenye rafu, kwenye kikombe chenye sikio bovu.

"Mwakani nitakuwa nimemaliza mwaka wangu wa kungoja," alisema. "Sheria haitanizuia. Na miguu ni hiihii."

"Najua."

"Nitakuacha mbali kama mwaka huu."

"Najua, wifi. Nitakuwa wa pili wako, wa halali. Hapo sina neno."

Pasi akaishika baiskeli upande mmoja, mwenzake akashika upande wa pili, wakaitoa barazani, kwenye chuma kilichofungwa chini ya boriti iliyobeba mabati. Pasi akamwonyesha: unainua tandiko kwanza, unalipitisha juu ya chuma, unaachia polepole huku unatazama. Mara ya kwanza ikadondoka. Mara ya pili wifi aliachia mkono mmoja, akangoja, akaachia na wa pili, na baiskeli ikakaa.