Ushuhuda Niliotoa Masii

Ndugu yangu mdogo alinikuta kibandani kwangu Masii, nikimshonea binti yake sketi ya shule. Alishusha pazia, akaninong'oneza kwamba ameshinda jackpot ya mpira. Nilicheka. Huyu alikuwa fundi wa mawe huko Kyumbi, mtu wa kubashiri kila wiki na kukosa kila wiki. Kisha akanionyesha ujumbe wa kampuni ya kubashiri kwenye simu yake.

Kampuni ilitaka apigwe picha akiwa ameshika hundi kubwa kama mlango. Alikataa. Wakakubali kumtangaza kama mshindi kutoka Machakos tu, na Machakos ni kubwa.

"Dada, ni wewe na bibi yangu peke yenu mnajua," akasema. "Hata mwaitu asijue. Si unamjua mama, mdomo yake haina breki."

Tulicheka pamoja. Ni kweli, ukimwambia mama jambo asubuhi, saa sita utasimuliwa na muuza nyanya. Mimi nilijiona kaburi.

Niliitunza siri hiyo Jumapili tatu. Nasema Jumapili kwa sababu siku nyingine hazikunisumbua. Kanisani kwetu kuna wakati wa ushuhuda, na kuna mama mmoja wa kwaya ambaye kila wiki husimama kumshukuru Mungu kwa ajili ya mwanawe: amepata kazi, amenunua gari, gari limewekwa magurudumu mapya. Akimaliza, hunigeukia na kutabasamu. Nilikuwa nimevumilia tabasamu hilo mwaka mzima. Jumapili ya nne nikasimama.

"Bwana asifiwe," nikasema. "Mungu ametembelea boma letu. Ndugu yangu hatabeba jiwe tena."

Sikutaja mchezo wala pesa, na nilijipongeza kwa hilo nikirudi kuketi. Mama wa kwaya hakutabasamu. Nakiri nilifurahi sana.

Lakini watu wa Masii si wajinga. Redio ilikuwa imeshasema mshindi ni wa Machakos. Mimi niliwamalizia kazi. Kabla ya siku ya soko, nyumbani kwa ndugu yangu kulikuwa na foleni: watu wenye kadi za harambee, mashangazi tusiowajua, bwana mmoja wa kumuuzia shamba huko Masinga. Hayo angeyavumilia. Kisha mwanamume mgeni akamsimamisha yule binti wa ndugu yangu njiani akitoka shule, akamwita kwa jina, akamwambia amsalimie baba tajiri. Mtoto alifika nyumbani akikimbia, mkoba wa vitabu ameuacha barabarani.

Wiki hiyo hiyo walihama. Ndugu yangu alipitia kibandani, nami nilitamani anitukane, angalau tugombane kama zamani.

"Nilikataa picha, dada," akasema tu, akaondoka.

Tangu siku hiyo namba yake haipatikani. Ile sketi ningali nayo. Nilikuwa nimeiachia pindo pana ili mtoto akue nayo, lakini miaka imepita, na hata nikilifungua pindo lote haitamtosha.

Husemwa majuto ni mjukuu. Wangu ameshaota meno. Ninajuta nikishona, ninajuta nikipika. Nimemwomba Mungu msamaha na nadhani amenisamehe, maana si yeye niliyemtangaza. Siku hizi wakati wa ushuhuda ukifika natoka nje kana kwamba nimeitwa.

Mwezi uliopita nilimkuta mama nyuma ya jikoni akiongea kwa simu, akicheka, akiuliza kama msichana amezoea shule ya upili. Aliponiona akakata. Nilipiga magoti hapo hapo katikati ya kuku.

"Mwaitu, wako wapi? Niambie mji tu. Sitaenda."

Alinitazama kwa huruma, mama yangu huyu asiye na breki, akaifunga simu kwenye pindo la leso yake.

"Aliniambia nisiambie mtu," akasema. "Hata wewe."